Aibu ya Kufua Mazulia ni ya Nani?

Mwaka 2024, mwezi wa nane, tulikuwa msibani hapa Dodoma. Wazee tulikuwa tumeketi upande wetu chini ya turubai, tukisubiri mwili wa marehemu uletwe kutoka hospitali, na kama ilivyo desturi ya kungojea, mazungumzo yalianza kwenye mvua, yakapita kwenye bei ya mahindi, yakaishia kwa vijana. Mzee mwenzangu mmoja, mwalimu mstaafu kama mimi, mtu ambaye tumeheshimiana tangu tukiwa na nywele nyeusi, alitikisa kichwa akasema: “Tumewasomesha kwa kuuza ng'ombe, leo wanafua mazulia ya watu. Wenye shahada! Shahada imegeuka kitambaa cha kudekia.”

Watu walicheka kidogo, kicheko cha msibani kinachomezwa kabla hakijatoka. Kisha wawili watatu wakanitazama, wakaangalia pembeni. Walijua. Mji huu, ingawa siku hizi unaitwa jiji, bado tunajuana. Anayefua mazulia ya watu hali ana shahada ni binti yangu wa mwisho, na anayafulia nyuma ya nyumba yangu.

Msibani hapajibiwi hoja. Nilimeza chai yangu nikanyamaza. Lakini ndugu msomaji, neno lililomezwa halisagiki tumboni. Nimekaa nalo muda mrefu, na sasa naliandika jibu lake hapa, katika kitabu ambacho mchapaji nimemlipa mwenyewe, kwa hiyo hakuna wa kunikatiza. Namwomba mzee mwenzangu asome hadi mwisho. Akikasirika, na akasirike akiwa amesoma.

Kwanza nitubu, maana mwenye kushitaki wenzake sharti aanze na nafsi yake. Maneno yale yaliyosemwa msibani niliyasema mimi kabla yake, mwaka 2018, tena kwa ukali zaidi, na niliyemwambia alikuwa mwanangu.

Binti yangu alimaliza shahada ya ualimu mwaka 2016. Wanaokumbuka watakumbuka kwamba ndio mwaka ambao ajira za serikali zilisitishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa. Alirudi nyumbani na bahasha ya vyeti, akaambiwa asubiri. Akasubiri. Mimi niliyeanza kazi mwaka 1973, siku ambazo mtu alitoka chuo cha ualimu akiwa na barua ya kituo chake mkononi, sikuielewa kabisa hali ile. Nilidhani hajatafuta vya kutosha. Nilimwandikia barua za utambulisho kwa watu niliowafahamu, nikagundua kwamba wengi wamestaafu au wamefariki.

Katika kungoja kwake aliona jambo ambalo mimi sikuliona. Mwaka ule ule wa 2016 serikali ilitangaza kuhamia Dodoma kwa dhati, na wizara zikaanza kufungasha. Watumishi walikuja na familia zao, wakapanga nyumba Ilazo, Kisasa, Area C na Area D, na ndani ya nyumba hizo wakatandika mazulia. Msomaji asiyeijua Dodoma aelewe kwamba hapa kuanzia mwezi wa tano hadi wa kumi na moja mvua hainyeshi, upepo unavuma, na vumbi letu ni jekundu, laini kama unga wa muhogo. Vumbi hilo haligongi hodi. Mtu akitandika zulia jeupe mwezi wa sita, mwezi wa nane lina rangi ya tofali. Binti yangu alikuwa akienda kwa rafiki yake Ilazo, akaona zulia limekunjwa limesimamishwa ukutani kwa sababu mwenyewe hana pa kulifulia, hana maji ya kutosha na hana kamba ya kuhimili uzito wake. Akaliomba. Akalifua uani kwetu kwa brashi, ndoo mbili na sabuni ya unga. Akalipwa shilingi 10,000.

Wiki ya tatu niliporudi kutoka kanisani nilikuta mazulia manne yameanikwa juu ya ukuta wa mbele, ule unaotazama barabara. Nilimwita ndani. Sitaandika yote niliyosema, lakini nilisema hivi: “Hii ni nyumba ya Mwalimu Mkuu. Haiwezi kuanikwa uchafu wa watu.” Akajibu kwa adabu, “Baba, uchafu nimeshautoa. Hayo yanayoanikwa ni mazulia safi.” Nikamwambia asinijibu.

Nimelifikiria jibu lile mara nyingi. Lilikuwa sahihi, nami kwa kukosa hoja nikatumia cheo. Kwa miaka ishirini na miwili ya ukuu wa shule nilizoea kushinda mabishano kwa njia hiyo.

Sasa nifike kwenye kiini cha ugomvi wangu na wenzangu. Tunalalamika kwamba vijana wetu hawataki kazi za mikono, na hapo hapo tunawacheka wanaozifanya. Ni nani aliyewafundisha kwamba kusafisha ni aibu? Ni sisi, sisi walimu. Tuliwafundisha kwa vitendo, kila asubuhi, kwa zaidi ya miaka thelathini.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maandishi yake ya Elimu ya Kujitegemea. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Yalisema shule iwe pia shamba, na kazi ya mikono iwe sehemu ya elimu, isiwe kitu cha pembeni. Nilipofika chuo cha ualimu tuliyasoma, tukayajadili, tukayafanyia mtihani, na nilipata alama nzuri. Kisha nikaenda kufundisha, na nikafanya nini? Aliyechelewa namba: kadeki. Aliyepiga kelele: kasugue choo. Aliyeshindwa hesabu: kafagie uwanja. Na kijana aliyeongoza mtihani? Huyo nilimpa zawadi ya kusamehewa zamu ya usafi ili apate muda wa kusoma. Mtoto mwerevu aliyekaa nasi miaka minne alijifunza bila kuambiwa kwamba ufagio ni wa wakosaji na wajinga, na kwamba tuzo ya akili ni kuondolewa ufagio mkononi. Somo hilo halikuwamo kwenye muhtasari wowote, lakini hakuna somo tulilolifundisha kwa ufanisi kuliko hilo. Kemia yangu waliisahau wiki moja baada ya mtihani. Hili hawakulisahau.

Kwa hiyo mzee mwenzangu, ulipocheka msibani, ulikuwa unarudia maneno yaliyoandikwa ubaoni kwa mwandiko wako na wangu.

Nami nilikuwa na sababu ndogo kuliko watu wengi ya kuwa na dharau hiyo. Nilizaliwa katika tembe huko Mpwapwa. Tulilala juu ya ngozi ya ng'ombe, na mama yangu kila baada ya siku chache aliitoa nje, akaitundika kwenye boma na kuipiga kwa fimbo upande wa chini mpaka vumbi liishe. Hakumwaga maji kwanza. Vumbi kwanza, maji baadaye, tena kidogo. Nilipokuja kuona vijana wa binti yangu wakilikung'uta zulia kabla ya kulitia tone la maji, nilimwona mama yangu. Maana uchafu mwingi wa zulia ni vumbi kavu lililozama chini kwenye mashina ya nyuzi, na ukilimwagia maji kabla ya kulikung'uta umetengeneza tope, na tope hilo utalisugua kutwa nzima bila kulimaliza.

Hili ndilo jambo jingine linaloniudhi: wale wanaodhani kazi hii haina elimu ndani yake. Nitasimulia kisa kimoja, nacho si cha kujisifu.

Mwaka 2019 mtumishi mmoja wa ngazi ya juu alileta zulia la sufu lililofumwa kwa mkono, alilolinunua safarini nje ya nchi. Lilikuwa jekundu lenye maua meupe. Binti yangu alilifua kama alivyofua mengine, kwa sabuni ya unga na maji ya vuguvugu. Asubuhi yake maua meupe yalikuwa ya waridi. Rangi nyekundu ilikuwa imetembea zulia zima.

Alikuja kwangu amekaa kimya, akaniita nje, akanionyesha. Nililitazama, na aibu iliyonipata siku ile ilikuwa ya haki, tofauti na ile ya mazulia ya ukutani. Maana nilijua sababu papo hapo. Nilifundisha kemia miaka yote ile. Sufu ni nywele za kondoo, ni protini kama nywele zetu sisi, na sabuni ya unga ina alkali kali. Alkali huilegeza sufu na kuziachia rangi zisizoshikwa vizuri. Asidi hafifu kama siki huzituliza. Binti yangu alisoma asidi na alkali darasani, akajibu maswali yake kwa usahihi, na huenda vitabu vile vile nilivyovitumia mimi ndivyo alivyovitumia. Karatasi ya litimasi iligeuka nyekundu, ikageuka bluu, basi. Hakuna aliyempa kipande cha sufu akamwambia: kiloweke humu, kisha humu, uone. Shule zetu zina majivu, magadi, ndimu na siki, na mwalimu ambaye angeweza kufundisha somo zima la asidi na alkali kwa kufua blanketi. Mwalimu huyo nilikuwa mimi, na sikulifanya hata mara moja.

Mwenye zulia alikuja juu, kama ilivyokuwa haki yake. Walipatana shilingi 400,000, na binti yangu alizilipa kwa miezi mitatu. Nilitaka kumsaidia kwa pensheni yangu akakataa. Tangu siku hiyo hakuna zulia linaloingia uani bila kujaribiwa: kitambaa cheupe kinaloweshwa, kinakandamizwa juu ya kila rangi kwa dakika kadhaa, halafu kinatazamwa. Kikitoka na rangi, zulia hilo lina dawa yake nyingine, au linarudishwa kwa mwenyewe. Kurudisha fedha ya mtu kwa sababu kazi yake huiwezi ni jambo gumu kuliko kusugua. Nimeona wenye vyeti vikubwa kuliko vya binti yangu wakilishindwa.

Na yapo mengine ambayo nilikuwa siyajui hata mimi mwanakemia. Zulia la kiwandani lina matabaka mawili mgongoni yaliyoshikwa kwa gundi, ukililoweka mno au ukalianika juu ya bati la moto gundi inaachia, zulia linavimba kama chapati. Zulia lililokauka juu tu, ndani bado bichi, doa lake linarudi kesho yake, kwa sababu maji yanapopanda kukauka yanabeba uchafu wa chini hadi kwenye ncha za nyuzi. Mteja anadhani hukufua. Damu hufuliwa kwa maji baridi, ukitia ya moto umeipika humo humo. Nta ya mshumaa huondolewa kwa karatasi na pasi yenye moto mdogo, wala si kwa maji. Mikojo ya watoto, hilo ni somo la peke yake, nitaliacha.

Nilipokuwa nikitafuta hoja za kumjibu mzee mwenzangu, nilirudi kwenye historia, kama walimu tufanyavyo tukibanwa. Mwaka 1901 huko London mhandisi aitwaye Hubert Cecil Booth aliona mashine ya kusafisha iliyopuliza vumbi. Akajiuliza, kwa nini lipulizwe, si lifyonzwe? Inasimuliwa kwamba aliweka leso juu ya kiti kilichofunikwa kitambaa, akaweka mdomo wake juu ya leso na kuvuta pumzi, akakohoa sana, na chini ya leso akakuta alama nyeusi ya vumbi. Basi akaunda mashine kubwa ya kufyonza vumbi, ikakokotwa na farasi mitaani, ikaegeshwa nje ya nyumba ya mteja, mipira yake ikapitishwa madirishani. Mwaka 1902 ilisafisha mazulia ya kanisa la Westminster Abbey kwa ajili ya kutawazwa Mfalme Edward VII. Mtu huyu alikuwa mhandisi wa madaraja. Aliweka mdomo kwenye kiti chenye vumbi, na sijasoma popote kwamba wazee wa London walisema elimu yake imepotea.

Marekani nako, katika mji wa Grand Rapids, Melville Bissell alikuwa na duka la vyombo vya udongo, na vumbi la kufungashia likamsumbua kwenye zulia. Mwaka 1876 akapata hakimiliki ya mashine yake ya kufagilia mazulia. Alipofariki mwaka 1889, mkewe Anna alishika uongozi wa kampuni, katika zama ambazo mwanamke kuongoza kiwanda lilikuwa jambo la kustaajabiwa. Nilimsimulia binti yangu kisa hiki. Akasema, “Kumbe nimechelewa miaka mia moja na ishirini.”

Lakini bila shaka mzee mwenzangu atasema: historia ni nzuri, je, kipato? Naam, tuzungumze fedha, maana wazee tunapenda kuzungumza heshima wakati tunachotaka kujua ni fedha.

Tangu 2020 mimi ndiye mtunza daftari. Sikuombwa. Siku moja niliona anaandika mapato nyuma ya boksi la sabuni, nikashindwa kuvumilia, nikanunua daftari kubwa, nikalichorea safu. Ninayo mbele yangu sasa. Oktoba 2023: mazulia 142, shilingi 2,143,000. Seti sita za makochi, shilingi 240,000. Jumla 2,383,000. Katika hizo vijana wawili walilipwa 520,000. Maji 145,000. Sabuni na dawa 170,000. Umeme 80,000. Kirikuu na bodaboda za kufuata na kurudisha mazulia, 265,000. Akiba ya mashine, maana mashine ya kunyonya maji ikifa katikati ya mwezi umekwisha, 120,000. Leseni na kodi, zikatengwa 70,000. Zilizobaki ni 1,013,000. Pensheni yangu ya mwezi, mimi niliyeongoza shule, haifiki nusu ya hizo.

Mzee mwenzangu, usifunge kitabu bado. Nifunue na ukurasa wa Februari 2024. Mvua ilinyesha mfululizo. Mazulia 41, makochi seti mbili, jumla 688,000. Vijana ni wale wale, hawali kidogo kwa sababu mvua inanyesha: 520,000. Maji, sabuni, umeme na usafiri, jumla 255,000. Tulipungukiwa 87,000, zikatolewa kwenye akiba. Mazulia saba yalikaa chini ya bati siku tano yakigoma kukauka, feni inazunguka mchana na usiku, na mawili yakaanza kunuka yakafuliwa upya bure. Mwezi ule binti yangu alikonda.

Naonyesha kurasa zote mbili makusudi, kwa sababu kuna kundi jingine ambalo nalo nina ugomvi nalo, na sipendi lidhani naliandikia sifa. Ni wale wanaokodi kumbi, wanawatoza vijana kiingilio, kisha wanawaambia kwamba utajiri ni mtazamo tu. Hao huonyesha Oktoba, wala hawaonyeshi Februari. Kijana mmoja alitoka kwenye semina ya namna hiyo, akaja kwetu akiwa na kalamu na karatasi, akauliza “siri”. Binti yangu akampa brashi, akamwonyesha zulia la futi nane kwa kumi lililolowa, akamwambia, “Shika upande huo tulinyanyue.” Alinyanyua mara moja. Hatukumwona tena.

Na kundi la tatu, hili lina hatari zaidi: wenye madaraka wanaosimama mbele ya wahitimu na kusema “jiajirini”, kana kwamba neno hilo linalipa deni. Nisieleweke vibaya. Sisemi ni vema mwalimu aliyesomeshwa kwa kodi ya wananchi afue mazulia wakati darasa lina watoto mia na mwalimu hayupo. Hilo ni jambo la fedheha, na nalitamka wazi. Lakini fedheha hiyo ina wenyewe. Si ya msichana aliyeona vumbi akatafuta brashi. Ninachokataa ni kuchukua aibu ya taifa na kuitundika kwenye kamba ya uani kwangu.

Sasa nimefika kwenye jambo ambalo nilikuwa nalikwepa tangu ukurasa wa kwanza.

Mwishoni mwa 2018 washenga walikuja kwangu. Kijana alikuwa mtu wa heshima, familia yake naijua, na binti yangu alikuwa radhi. Washenga wakauliza, kwa utaratibu, binti anafanya kazi gani. Nikawajibu kwamba ni mwalimu, anasubiri kupangiwa kituo, na kwa sasa anasaidia kufundisha shule moja ya binafsi. Hilo la mwisho nililitunga palepale. Asubuhi ya siku ile nilikuwa nimemwamuru atoe mazulia yote uani, ayapeleke kwa jirani. Aliyabeba. Alikuwa chumba cha pili, mlango ukiwa wazi kidogo, akisikia ninavyomfuta.

Kishika uchumba kilipokelewa. Baada ya miezi miwili mama yake kijana alipeleka zulia lake kufuliwa, akaelekezwa na watu kwamba kuna binti anayefua vizuri, akafika getini kwangu. Unaweza kujaza mwenyewe yaliyofuata. Ila nitasema hili kwa ajili ya haki, maana kwa muda mrefu niliwaambia watu kwamba uchumba ule ulivunjwa na dharau. Haikuwa hivyo. Washenga waliporudi, mkubwa wao aliniambia kwa upole: “Mwalimu, sisi kazi ya mikono hatuidharau, baba yetu alikuwa fundi viatu. Lakini mmetudanganya siku ya kwanza. Tutajuaje la pili?” Wakarudishiwa chao. Binti yangu alinisindikiza kuwatoa hadi barabarani, akarudi, akavaa gambuti zake.

Hakunilaumu hata kwa neno moja. Kama angenilaumu ningejitetea, na ninajua namna ya kujitetea. Ilinichukua karibu mwaka mzima kumwomba radhi, na nilipomwomba, uani, nimeshika ncha ya zulia la msikiti lililolowa maji, alisema tu, “Baba, inua upande wako, unaburuta chini.”

Kwa hiyo ukiniuliza aibu ya kufua mazulia ni ya nani, ninayo orodha fupi, na jina langu ni la kwanza. Anayefuata ni wewe mzee mwenzangu, si kwa sababu ulisema neno baya msibani, bali kwa sababu wajukuu zako wawili wako nyumbani na shahada zao, mwaka wa nne sasa, wakiogopa kushika chochote usije ukawacheka mbele ya watu. Mmoja wao alikuja kwa binti yangu usiku kuuliza kama kuna nafasi. Akasema aje saa za usiku, babu asimwone. Hapa mazulia hayafuliwi usiku. Mwambie aje mchana.

Mwaka 2025 walimu waliitwa kwenye usaili wa ajira za serikali, miaka tisa tangu binti yangu aliporudi na ile bahasha. Alikwenda. Aliniomba nimsahihishie barua, nikasahihisha koma mbili. Majibu yalipotoka jina lake lilikuwamo, kituo kikiwa mbali sana na hapa, shule ya kata, somo la kemia. Aliiweka karatasi ile juu ya meza, kando ya daftari langu, akaenda kulala bila kusema lolote. Yapo mazulia, wapo vijana wawili wanaotegemea mshahara wa mwisho wa mwezi, na ipo darasani huko nafasi tupu ambayo najua vizuri kuliko yeye inavyowaumiza watoto.

Mke wangu aliniuliza nina maoni gani. Ninayo, tena makali, na yanapingana yenyewe kwa yenyewe. Lakini mara ya mwisho nilipomsemea binti huyu nimeshaeleza yaliyotokea. Safari hii nimenyamaza. Jumatatu asubuhi aliamka saa kumi na moja, akafungua bomba, na mimi nikavaa miwani na kuandika tarehe juu ya ukurasa mpya: mazulia tisa, msikiti, yamekung'utwa, hayajalowekwa.